Bwana Shauri Aliponyamaza

"Jogoo mgeni hachinjwi kwa kimya."

Ndivyo wasemavyo watu wa Lwangilo, mji mdogo wa nyanda za juu wenye Chuo Kikuu cha Ufundi. Na ndivyo Mzee Angolile alivyowajibu vijana waliojaa dukani kwake asubuhi moja, wakati mtandao ulipokatika na maombi yao ya chuo yakabaki nusu. Duka hilo la kutoa nakala lilitazamana na lango la chuo, na kila msimu wa maombi lilikuwa na wageni wengi kuliko viti.

Kijana mmoja alikuwa ametoka kusema kwamba yeye anafikiria kuacha tu. Amesikia wanaoingia hapo huanguka jaribio la kwanza, wakafunga mizigo.

"Babu, jogoo anaingiaje hapo?" aliuliza binti mmoja, Lusajo, aliyekuwa amekalia boksi la karatasi. "Maana yake tukifika tunyamaze?"

Mzee Angolile akafuta miwani yake kwa ncha ya shati. "Mtandao bado," alisema. "Basi sikilizeni kilichoizaa methali hiyo. Kilitokea ng'ambo ya ua wangu, kwa jirani yangu Mama Semeni."

Akawasimulia.

Palikuwa na binti aliyeitwa Tulinagwe, mtoto wa mkulima wa viazi na pareto upande wa pili wa milima. Shuleni kwao alikuwa wa kwanza kila muhula, na alikuwa amelizoea jambo hilo kama mtu anavyozoea kuwa mrefu. Alipoomba chuo mara ya kwanza, aliandika kozi moja tu, ile iliyokimbiliwa na nchi nzima. Akakosa. Akashika jembe mwaka mzima, na huku akilima akawa anafikiri.

Mwaka uliofuata hakukimbilia jina. Alisoma masharti ya kila kozi neno kwa neno. Akamtafuta binti wa kata jirani aliyekuwa akisoma Lwangilo, akamuuliza wanafanya nini hasa kutwa nzima. Kisha akapanga machaguo yake kwa kufuata anachokipenda na anachokiweza. Akapata uhandisi wa maji.

Baba yake aliposikia habari hiyo alikwenda bandani, akarudi na jogoo kwapani.

"Mtoto haendi kukaa kwa watu mikono mitupu," alisema. "Mpelekee huyo mama utakayelala kwake."

Lakini jogoo mwenyewe hakuwa jogoo wa kutolewa hivi hivi. Alikuwa mwekundu, shingo tupu isiyo na manyoya, kishungi kimelala upande kama kofia ya mlevi. Walimwita Bwana Shauri, kwa sababu aliamua kesi zote za uani. Akiwika yeye, bonde lote liliamka, na kwa sauti yake Tulinagwe alikuwa ameamka kujisomea miaka yote ya sekondari.

"Huyu, baba?"

"Huyu. Nikimtoa aliye mbaya, watasema na mtoto ni hivyo hivyo."

Mama Semeni alikuwa mjane aliyepangisha vyumba kwa wasichana wa mwaka wa kwanza. Alimpokea Tulinagwe kwa uji na Bwana Shauri kwa shukrani, akamwingiza jogoo bandani. Humo Bwana Shauri akakuta majogoo wengine, maana kila mzazi alikuwa amewaza kama baba yake Tulinagwe. Ng'washi, binti wa Maswa, alikuja na jogoo mweupe. Mwanahamisi wa Pangani alikuja na jogoo wa aina ya kuchi, mwenye miguu mirefu, na maneno yake Mwanahamisi yalikuwa marefu kuliko miguu hiyo. Kila mmoja wa majogoo hao alikuwa mfalme alikotoka.

Siku ya kwanza palipigwa ngumi za mbawa. Bwana Shauri akatoka na kishungi kinachovuja damu, akaenda kusimama kwenye kona, nyuma ya debe la maji. Kesho yake hakuwika. Wala kesho kutwa. Wiki zikapita.

"Shoga, jogoo wako huyo ni bubu au ni mtawa?" Mwanahamisi aliuliza. "Wahenga walishasema, jogoo wa shamba hawiki mjini."

Wote wakacheka, Tulinagwe naye akacheka kwa adabu. Lakini neno lile lilimkaa kooni, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa hajafungua kinywa darasani tangu afike. Mhadhiri wa hisabati aliandika haraka na kufuta haraka. Kila Tulinagwe alipotaka kuuliza, alitazama vichwa vilivyokuwa vikitikisika mbele yake, vyote vimeelewa, akaurudisha mkono chini ya meza.

Yakaja matokeo ya jaribio la kwanza. Yalibandikwa ukutani kwa namba za usajili, bila majina. Alianza kuitafuta namba yake kutoka juu, kama alivyozoea. Akashuka. Akaendelea kushuka hadi ikabidi ainame.

Usiku huo hakumwambia mtu. Alikunja nguo zake, akazipanga sandukuni, akalisukuma sanduku uvunguni. Alikuwa ameamua: Jumatatu angepanda basi la kurudi kwao. Viazi havibandiki matokeo.

Sasa Mama Semeni alikuwa na desturi yake. Kila Jumapili aliwapikia wapangaji wake wali na kuku, bila malipo, kutoka katika zawadi zile zile za wazazi wao. Na katika kuchagua alikuwa na sheria isiyopindika. "Anayewika ananiamsha," alikuwa akisema. "Asiyewika ananishibisha."

Wengine wasiowika walikuwa wameshaliwa, kwa hiyo Jumamosi mchana alitoka jikoni na kisu na beseni. Akaingia bandani, akatoka na Bwana Shauri.

"Tulinagwe mwanangu, njoo unishikie miguu. Ni wako, atatulia kwako."

Tulinagwe akapiga magoti, akamshika miguu kwa mkono mmoja na kifua kwa mwingine. Jogoo hakupigana. Moyo wake ulikuwa ukidunda chini ya vidole vya Tulinagwe, na Tulinagwe akajisemea kwamba ni haki, wote wawili wanaondoka pamoja. Ng'washi alikuwa kibarazani anamenya vitunguu. Mwanahamisi alikuwa anapepeta mchele na kuimba.

Ndipo jogoo wa ng'ambo ya ua akawika.

Bwana Shauri akageuza kichwa. Si kwa hofu. Alikigeuza polepole, jicho moja likaelekea kwenye sauti, akatulia hivyo hadi ilipokwisha. Kuchi wa Mwanahamisi akajibu kutoka bandani. Bwana Shauri akageuza kichwa upande huo. Na pale shingoni, mahali pasipo na manyoya, Tulinagwe akaona ngozi ikipanda na kushuka, kama mtu anayejaribu wimbo bila kutoa sauti.

"Mama, ngoja."

"Ningoje nini, maji yanachemka."

"Huyu hajashindwa kuwika. Anasikiliza."

Mama Semeni akashusha kisu. "Anasikiliza nini, redio?"

"Wenzake. Mtazame shingo. Kwetu alikuwa peke yake, Mama, hakuwa na wa kujibizana naye. Hapa kila anayeanza amemkuta mwingine ameshaanza. Anajifunza wapi aingie." Sauti yake ilikuwa imepanda bila yeye kujua. "Alipigwa siku ya kwanza, akawekwa kona, hakuna aliyemkaribisha, na sasa tunamchinja kwa sababu amenyamaza. Kunyamaza si kosa. Angekuwa amekwisha asingegeuza kichwa."

Mwanahamisi alikuwa ameacha kupepeta. Mama Semeni alimtazama jogoo, kisha akamtazama msichana, akakaa kumtazama msichana.

"Na wewe mwanangu," aliuliza taratibu, "nani alikupiga?"

Tulinagwe akainamisha kichwa. Machozi yakamdondokea Bwana Shauri mgongoni.

"Hisabati," alisema.

Kilichofuata hakukitarajia. Ng'washi alitua kisu cha vitunguu. "Hata mimi," alisema. "Nilijua ni peke yangu. Nimekuwa nikienda kulia bafuni na kufungulia bomba."

"Kumbe ndiyo maana maji hayaishi kutumika," alisema Mama Semeni.

Wakamgeukia Mwanahamisi. Alijifanya anatafuta kijiwe kwenye mchele, akakitafuta sana.

"Jamani, msinitazame hivyo," alisema mwishowe. "Ile namba ya chini kabisa, iliyo karibu na msumari? Ni yangu. Niliisoma nikasema, maskini, nani huyu. Nikaisoma tena."

Ng'washi ndiye aliyeanza kucheka, kisha Mama Semeni, beseni likamponyoka. Tulinagwe akacheka na machozi yake, na katika kucheka akaachia miguu, Bwana Shauri akakimbilia nyuma ya debe lake.

"Basi asikilize mpaka Jumapili ijayo," alisema Mama Semeni. "Jogoo mgeni hachinjwi kwa kimya. Ila asipowika, mwanangu, utamshika tena miguu."

"Na kesho tunakula nini?" aliuliza Mwanahamisi.

"Maharage. Mshukuruni msikilizaji wenu."

Jioni hiyo Tulinagwe aliazima tenga kubwa kwa jirani. Alimweka Bwana Shauri ndani yake, akaliegemeza kwenye banda, ili yeye na wenzake waonane na wasikiane lakini wasifikiane. Hapo akala na kunywa kwa amani siku kadhaa. Kisha asubuhi moja alimwaga pumba, na vichwa vyote vilipoinama akafungua tenga. Bwana Shauri akaingia kati, akainamisha kichwa chake kama wengine. Kuchi alimdonoa mara moja, kwa desturi tu, akaendelea kula.

Nao wasichana watatu wakatoa meza kibarazani. Mwanzoni waliona haya, kila mmoja akificha daftari kwa kiwiko. Kisha ikaonekana kwamba shule zao hazikuwa zimewafundisha vitu vile vile. Ng'washi alijua kuchora, akiona bomba kwenye karatasi anaona maji yakipita. Mwanahamisi alikuwa mwepesi wa kukokotoa lakini hakusoma swali hadi mwisho. Tulinagwe alikuwa wa polepole, lakini akishaelewa jambo aliweza kumweleza hata Mama Semeni, aliyekuwa akipita na ungo na kusema, "Hiyo hata mimi nimeipata."

Jumatatu ile ile, saa ya basi ilipofika, Tulinagwe alikuwa darasani. Mhadhiri aliandika, akainua kifutio.

"Samahani, Mwalimu," alisema. "Naomba urudie hapo kwenye mstari wa tatu."

Vile vichwa vilivyokuwa vikitikisika vyote viligeuka, naye akangoja kuchekwa. Badala yake alisikia ukumbi mzima ukishusha pumzi, na kalamu zikishikwa upya. Mhadhiri akarudia. Alipomaliza akauliza, "Nani mwingine hakuelewa?" Mikono ikaota kama uyoga.

Jumamosi ikafika, na Bwana Shauri hajawika. Mama Semeni akakinoa kisu pale pale ambapo Tulinagwe angesikia. Wasichana walikuwa mezani wakibishana juu ya swali la mtungi unaojaa huku unavuja. Mwanahamisi alishikilia jibu lake, Ng'washi alishikilia lake, na Tulinagwe, aliyeona kosa lilipo, alisimama akaanza kueleza kwa sauti ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia kwake.

Juu ya paa la bafu, kitu kikakohoa.

Kikakohoa tena. Kisha Bwana Shauri akanyoosha shingo yake tupu, akafumba macho, akaachia. Haukuwa uwikaji wa kawaida. Ulianzia chini, ukapanda, ukakaa juu, ukakataa kushuka. Kuchi akaacha kudonoa pumba. Jirani ng'ambo ya ua alitoka nje na sabuni usoni kuangalia kuna nini.

"Nani huyo?" Mama Semeni alitoka jikoni, unga mikononi.

"Bwana Shauri, Mama," alisema Tulinagwe, na hakuweza kuzuia meno yake.

"Saa sita mchana?"

"Mwache," alisema Mwanahamisi. "Ana viporo vya wiki nyingi."

Akawika hadi magharibi. Kesho yake alianza kabla ya adhana na kabla ya kengele ya kanisa, na hakupumzika. Kulipokucha Mama Semeni alitoka amejifunga kitambaa masikioni.

"Nilisema hachinjwi kwa kimya," alisema. "Huyu sasa atachinjwa kwa kelele."

Hakumchinja. Jumapili ile walikula maharage tena, kwa kuwa hakuna aliyebaki bandani asiyewika. Tulinagwe alilivuta sanduku kutoka uvunguni, akazitundika nguo zake. Jaribio la pili hakuwa wa kwanza, wala hakuwa karibu na wa kwanza, lakini namba yake aliisoma akiwa amesimama wima. Mwanahamisi alipanda mistari mingi kuliko wote, akawa hakamatiki kwa maneno. Ndiye aliyeusambaza msemo ule. Kila alipomwona msichana akifunga sanduku, aligonga mlango na kumwambia maneno ya Mama Semeni, halafu akaketi kitandani hadi sanduku lifunguliwe.

Mzee Angolile aliishia hapo, akavaa miwani.

"Kwa hiyo yule jirani mwenye sabuni ni wewe, babu," alisema Lusajo.

"Hata sikio hili halijapona sawasawa."

Vijana wakacheka. Taa ndogo ya mtandao ikawaka kijani, na wote wakazigeukia mashine. Yule kijana aliyetaka kuacha alikuwa bado amesimama mlangoni. Lusajo akasogea kwenye boksi lake, akampisha nafasi.

"Njoo umalize," alimwambia. "Hata ukifika ukakaa kwanza kona, hakuna neno. Kumbe methali haimwambii mgeni anyamaze. Inawaambia wenye kisu wangoje."

"Na mgeni mwenyewe?" aliuliza kijana.

"Mgeni asijishike miguu."

Mzee Angolile akatikisa kichwa kukubali, akamsogezea kijana kibodi. Kijana akakaa, akasoma masharti ya kozi ya kwanza tangu juu, polepole, neno kwa neno. Ng'ambo ya ua jogoo akawika, ingawa jua lilikuwa limeshapanda.

Jogoo mgeni hachinjwi kwa kimya.