Ufunguo wa Gari la Mzee Tluway

Sogeeni karibu, na aliyekuja kucheka aende akachekee kwake, maana leo nasimulia nikiwa na hasira. Nitawatajia watu watatu na nitawaeleza kila mmoja alifanya nini. Mwisho nitawauliza swali moja tu. Msinijibu kabla sijauliza, na mtu asinikatize.

Kijiji ni Dagharo, kule bondeni, chini ya ukuta wa mlima. Hospitali iko juu ya mlima. Katikati kuna kitu ambacho waliochora ramani wamekiita barabara, sisi wenye kupita tunakiita mawe. Gari la kawaida likienda huko linatoboka tumbo, oili inamwagika yote, na abiria wanamaliza safari kwa miguu. Gari lililobaki kijijini ni moja, Landkruza kuukuu ya Mzee Tluway. Na mzee mwenyewe magoti yameshamkataa, akikanyaga klachi anauma meno.

Huyo mzee ana watu watatu. Wa kwanza ni Thekla, binti yake, aliyejaliwa jicho. Thekla humuuzii kitu kibovu hata ukikipaka rangi. Atakigeuza, atakigonga kwa kidole, atakitazama ubavuni, kisha atakirudisha mezani, na wewe muuzaji utabaki na aibu yako.

Wa pili ni Basili, mdogo wake Thekla, aliyejaliwa mkono. Yeye ni fundi wa kuchomelea na kufunga vyuma. Geti alilolifunga Basili huwa halilii wala haliinami, na hajawahi kuitwa arudi kurekebisha kazi yake.

Wa tatu ni Marselina. Yeye si wa kuzaliwa pale, ni mke wa marehemu Fabiano, mtoto wa kwanza wa mzee. Mumewe alipozikwa watu walidhani atarudi kwao. Hakurudi, alibaki na wakwe zake. Marselina alijaliwa pua. Maziwa yakitaka kuchacha yeye ndiye wa kwanza kujua, na ugali ukianza kushika chini anaita kutoka shambani.

Sasa mwaka mmoja Landkruza ilitobolewa na jiwe. Mzee akasema basi, gari hili litafungwa bamba la chuma tumboni, lote. Akamtuma Thekla mjini akachague.

Thekla alizunguka kwa wauza vyuma mpaka viatu vikaachia soli. Mmoja akamwonyesha bamba la alumini linalong'aa, jepesi, zuri kweli. "Chukua hili dada, ndilo wanalofunga watu wa safari." Thekla akaligonga. "Likipinda?" "Unanunua jingine." Akaliacha pale pale. "Kwetu hakuna jingine. Nataka la kupinda nikalinyoosha kwa nyundo." Mwingine akamletea chuma kinene kama cha daraja. Akakikataa pia, kwamba uzito wake utalilaza gari pua na springi za mbele zitakufa. Wa tatu akampa la kufunika mbele tu, chini ya injini. Akamuuliza, "Na giaboksi je? Na tanki la mafuta? Mawe ya kwetu hayachagui." Alirudi na chuma cha wastani, kilichotosha kutoka puani hadi kwenye tanki, na alikitoa kwenye ubavu wa lori bovu ambalo wanunuzi wengine wote walilipita wakiona takataka.

Basili akalipokea bamba hilo. Watu wakamwambia achomelee tu kwenye chasisi, kazi iishe mapema. Akawafukuza. Alisema ukichoma moto chasisi unaidhoofisha, siku moja itapasukia hapo hapo. Akatengeneza vishikio, akavibana kwenye chasisi kwa bolti. Vichwa vya bolti akavizamisha ndani ya bamba ili mawe yasivinyoe. Kati ya bamba na beseni la oili akaacha nafasi ya kiganja, chuma kikibonyea kisiguse. Alitaka pia kutoboa matundu ya kumwagia oili na ya kutolea uchafu. Mzee akakataa. "Nimesema lizibwe. Nyumba yenye matundu ni nyumba?" Basili akatii, na gari likazibwa kama sufuria.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na ni kosa la huku kwetu hasa. Siku hizi maharage hatuyapigi kwa fimbo. Tunayatandaza uwanjani na mabua yake, gari linazunguka juu yake mpaka yapukutike. Lenye tumbo wazi halidhuriki. Lakini hili la mzee, kila lilipozunguka, mabua makavu yalipanda yakajilundika juu ya bamba, kando ya bomba la ekzosi. Hakuna aliyejali ila Marselina. Kila baada ya kupura alilala chali chini ya gari, akaingiza mkono kwenye ile nafasi ya kiganja, akayatoa. Thekla akamcheka, "Wifi, unalikanda gari mgongo?" Marselina akamjibu kwamba linanuka vibaya, na akaendelea kuvuta.

Basi, siku moja asubuhi wanapura, Mama Yustina, mke wa mzee, akaanguka uwanjani ameshika tumbo. Utumbo ulikuwa umejisokota. Uso ulibadilika rangi mbele ya macho yetu, na mimi jirani yao nilikuwepo, sisimulii ya kuambiwa. Wakampakia nyuma. Mzee akakamata usukani na magoti yake mabovu, watoto wote watatu ndani, wakaondoka.

Wakiwa bado kule bondeni, jiwe likaruka likagonga tumbo la gari kwa kishindo. Bamba likabonyea na halikutoboka. Lingekuwa lile la alumini, jiwe lingeingia mpaka kwenye beseni la oili, na safari ingekufa pale.

Wakafika korongoni. Gari likateleza likakalia mwamba, magurudumu yanazunguka hewani, uzito wote umelalia bamba. Wakashuka, wakasukuma, wakalitikisa huku na huku mpaka likachomoka. Hakuna bolti hata moja iliyokatika. Lingekuwa limefungwa kwa haraka haraka, bamba lingeng'oka na kuisukuma giaboksi juu, na mama angefia korongoni.

Wakaanza kupanda mlima kwa gia ya chini, injini inaunguruma, ekzosi imeiva. Marselina akainua pua. "Baba, simama."

"Hatusimami! Humwoni mama yenu?"

"Baba, kuna kitu kinaungua."

"Wifi, nyamaza!" Thekla akamkemea.

Marselina akafungua mlango gari likiwa linatembea. Mzee ikabidi akanyage breki, anatukana. Mwanamke akajitupa chini ya gari, akaingiza mkono, akavuta mabua yanayofuka moshi, mengine yameshashika moto, na tanki la mafuta liko pale pale karibu. Akavuta mpaka yakaisha, akamwagia maji yao ya kunywa. Ngozi ya mkono ule haijarudi kama ilivyokuwa. Angenyamaza kama alivyoambiwa, wangeungua wote na mgonjwa wao.

Mama alifanyiwa upasuaji. Daktari akawaambia kwamba wangechelewa kidogo tu wangempoteza. Mzee akalia mbele za watu. Na katika kulia kule akasema maneno ambayo mpaka leo natamani angeyameza. Alisema, "Aliyemfikisha mama yenu hapa, gari ni lake. Ufunguo nampa yeye, mimi nimemaliza."

Watu watatu wakanyoosha mkono.

"Ni mimi," Thekla akasema. "Chuma kile kila mtu alikiona takataka. Bila jicho langu tungekwama bondeni."

"Bamba bila bolti ni sinia," Basili akamjibu. "Ungelibeba kichwani? Korongoni pale tulishikwa na mkono wangu."

"Na moto ungewashikeni wote," Marselina akasema. "Mkono ulioungua ni huu, tazameni."

"Ungeyatoa mabua kabla hatujaondoka, kusingekuwa na moto," Thekla akasema.

"Mama ameanguka chini, wifi, mimi nikasafishe gari? Bamba lako ndilo lililotaka kutuchoma! Na shemeji angetoboa matundu, yangedondoka yenyewe."

"Baba alikataa matundu!" Basili akapaza sauti. "Mwulize baba!"

Kisha Thekla akatamka neno baya. Akamwambia Marselina kwamba gari la ukoo haliendi kwa mtu wa kuja. Marselina hakulia. Alisema, "Nimemwosha mama yenu kitandani kila alipougua, ninyi mkiwa makwenu. Siku hiyo sikuwa wa kuja?" Tangu hapo hawajaitana wifi tena.

Mngedhani wataona haya. Thubutu! Waliporudi nyumbani Marselina akasema mikono yake inapumzika. Wakapura, mabua yakajaa, moshi ukaanza kutoka pale pale uwanjani. Basili akasema gari likiungua ataambiwa ni ufungaji wake, basi akafungua bolti zake zote na vishikio vyake, akaenda navyo karakana. Bamba likaanguka chini. Thekla akaja na mkokoteni akalichukua, kwa kuwa alilichagua yeye. Mnajua amelifanya nini? Amelifanya mlango wa zizi la mbuzi! Chuma kilichomwokoa mama yake mzazi, mbuzi wanakikojolea. Nilipokiona nilitaka kupiga kelele, na nilipiga.

Nikamwendea mzee nikamwambia awape wote watatu, watumie kwa zamu. Akanitazama kama mjinga. Alisema shamba aliwapa kwa pamoja, na mpaka leo mfereji wake haujasafishwa kwa sababu kila mmoja anamngoja mwenzake. "Gari la watu watatu halina mtu wa kulinunulia tairi. Ufunguo ni mmoja na nimeshaahidi." Nikamwambia basi chagua, ahadi ni yako. Akasema akichagua mmoja atakuwa amewaita wawili waongo, na wote wanasema kweli. Akayainamia magoti yake, akawa anayasugua. Hasira yangu kubwa iko kwake, afadhali niseme wazi. Anayetoa ahadi akiwa analia ajue kuna siku atadaiwa macho yakiwa makavu.

Sasa sikieni la leo, ndilo lililonileta hapa mbio. Kidonda cha Mama Yustina kimefumuka. Tangu asubuhi kinatoa maji, na mwili wake unachemka kwa homa. Inabidi apande tena mlimani. Gari liko uwanjani, tumbo wazi, na mvua zimeteremsha mawe mapya. Bila bamba halifiki hata korongoni. Thekla anasema bamba litatoka zizini akipewa ufunguo. Basili anasema bolti zitatoka karakana akipewa ufunguo. Marselina anasema yuko tayari kwenda na gari na kulilinda njia nzima, lakini hatalala tena chini ya gari la watu wanaomwita wa kuja. Wote watatu wanalia, na hakuna anayesogea.

Mama mwenyewe amejikokota mpaka kwenye gari, amepanda, amefunga mlango. Nilikuwa nimesimama dirishani. Hakuwatazama watoto, alimtazama mumewe.

"Tluway, kitu kimoja umewaahidi watu watatu."

"Mke wangu, nilichanganyikiwa."

"Mimi sishuki. Mkinipeleka, mnipeleke. Mkinizika, mnizike humu humu na gari lenu, kusiwe na cha kugombea."

Kisha akaniita mimi jirani. Akasema, "Hawa hawataamua. Nenda kwa watu wasiotufahamu, wasiotupenda wala kutuchukia. Waeleze yote, usimfiche mtu kosa lake. Watakayemtaja ndiye atakayepewa ufunguo, na wale wawili watarudisha walichozuia, kiwe bamba, bolti au mkono, mbele ya macho yangu. Warudishe wamenuna, sijali." Mzee akaitikia kwa kichwa. Na wale watatu, mmoja baada ya mwingine, wakaapa mbele ya mama yao kwamba watalikubali mtakalosema ninyi.

Nimeeleza, na sijamficha mtu. Kuna mwenye jicho, ambaye bila chuma chake safari ingeishia bondeni. Kuna mwenye mkono, ambaye bila bolti zake ingeishia korongoni. Kuna mwenye pua, ambaye bila ngozi yake wangeteketea mlimani. Msiniambie wote wanastahili, hilo nalijua, na halifungui mlango wa gari. Msiniambie wapatane kwanza, kidonda hakiwangoji.

Nataka jina moja. Wewe uliyekaa hapo mbele, na wewe mama uliyejishika shavu, na wewe unayetikisa kichwa kama vile ungekuwa wewe ungefanya vizuri zaidi: ungempa nani ufunguo? Semeni upesi nirudi, maana mama bado yumo ndani ya gari.