Adhabu Iliyotangulia Kosa

Hapo zamani, wafalme walipokuwa wengi na wenye akili wachache, nami sisemi kama mambo yamebadilika, palikuwa na mji uitwao Kilimbasi, na mtawala wake akiitwa Sultani Nasibu. Sultani huyu hakuwa mkatili, wala hakuwa mlevi, wala hakupenda vita. Maradhi yake yalikuwa mamoja tu: alipenda hadithi. Kila alasiri alikaa barazani akasomewa, na kila hadithi ilipita njia ile ile. Mtu husafiri, nyuma yake husalitiwa, naye akirudi humwadhibu msaliti. Majina yalibadilika, miji ikabadilika, mara msafiri ni mwana wa mfalme, mara ni tajiri wa ubani, lakini safari, hiana na adhabu hazikuachana, zilikuwa mafiga matatu ya chungu kimoja.

Sultani akisikiliza hulia, kisha hukasirika. Wala hasira yake haikuwa juu ya msaliti peke yake, bali juu ya mpango wenyewe. Alizoea kuwaambia watu wa baraza kwamba adhabu huchelewa mno. Mali imeshaliwa, mke ameshalia, ndipo upanga unapochomolewa. Ina faida gani tena kwa aliyesalitiwa? Nao watu wa baraza, ambao kazi yao ilikuwa kutikisa vichwa, walitikisa vichwa.

Ikawa mwaka mmoja Sultani mwenyewe akalazimika kusafiri. Binti yake alikuwa ameolewa nchi ya Marumbi, mwendo wa mwezi mmoja kwa punda, naye amejifungua mjukuu wa kwanza. Basi Sultani akafurahi siku moja, na siku ya pili akaanza kuhesabu hadithi zote alizowahi kusikia, na katika zote hakumpata msafiri hata mmoja ambaye hakusalitiwa. Chakula kikamshinda. Siku ya tatu akaita baraza, uso ukimng'aa kama aliyeokota dhahabu, akanena, "Safari hii adhabu itatangulia. Atafutwe msaliti wangu, aadhibiwe kabla sijaondoka, ili nami niende kwa moyo mtulivu."

Watu wa baraza wakatazama chini, kila mmoja akivitazama vidole vyake vya miguu. Hapakuwa na asiyejua kwamba kama kuna msaliti Kilimbasi, basi yuko karibu sana na kiti cha enzi. Waziri Sheuna, ambaye kwa miaka tisa alivaa kiunoni funguo zote za mji, za ghala, za nyumba ya silaha na za lango, aliona heri aseme yeye kabla hajasemwa. Akamtaja Vuai.

Vuai alikuwa mwambaji wa vitanda. Alizunguka na kamba zake za makumbi begani, kitanda kikilegea akaitwa akakiwamba upya. Mali hakuwa nayo, ila ulimi alikuwa nao, na ulimi huo ndio uliomponza. Mwezi uliopita aliitwa kwa Waziri, kitanda kimebonyea hata kinagusa sakafu, naye alipomaliza kazi akasema kwa upole kwamba kamba zake zaweza kubeba mwili wa Waziri, lakini dhamira yake ataibeba mwenyewe. Waziri alicheka siku ile, akaliweka neno lile moyoni.

Basi Vuai akaletwa, akauliza amefanya nini. Akajibiwa kwamba bado hajafanya. Akauliza atafanya nini. Akajibiwa kwamba hilo litajulikana baadaye, ila hukumu yake ni viboko arubaini leo, na siku Sultani atakapoondoka naye atafukuzwa mjini asirudi. Akachapwa sokoni, mbele ya wauza mboga na wauza samaki, na mpiga mbiu akatangaza kwa amri ya Sultani kwamba msaliti wa safari hii amehukumiwa, viboko na kufukuzwa, na hukumu hiyo haitatolewa mara ya pili kwa mtu yeyote. Waziri Sheuna ndiye aliyeyaongeza maneno hayo ya mwisho, na mkumbuke hivyo.

Vuai akapelekwa nyumbani kwa kubebwa. Akalala kifudifudi juu ya kitanda alichokiwamba mwenyewe, na mkewe Mwanashee akampaka mafuta ya nazi. Mwanashee alikuwa na mguu mmoja usiokunjika tangu alipoanguka kisimani, na hata kwenda kwa jirani alijikongoja. Wote wawili walijua maana ya kufukuzwa. Vuai angetoka kwa miguu yake, na Mwanashee angebaki, kwa kuwa mguu ule usingefika hata langoni. Vuai hakulia kwa viboko, lakini alipolifikiri hilo alilia, na hakuona haya.

Mwanashee akamwacha alie, kisha akamuuliza kama Sultani ameshaomba radhi za safari. Vuai akanyamaza kulia. Maana Kilimbasi ilikuwa na mila, na mila hiyo iliwabana wakubwa na wadogo. Msafiri, awe nani, huwaendea watu wa mji wote akawaambia, "Niwieni radhi," nao humjibu, "Tumekuwia radhi." Mmoja akikataa, punda hawapakiwi. Babu yake Sultani aliwahi kukaa siku nane uwanjani, mizigo imefungwa, kwa sababu ya mfinyanzi mmoja aliyevunjiwa mtungi wake.

"Sasa pumzika," Mwanashee akamwambia. "Maneno unayo wewe, mimi nina mafuta tu."

Siku ya safari ikafika. Punda sitini wakapangwa uwanjani, Sultani akasimama na kilemba cha safari, akanena, "Niwieni radhi, enyi watu wangu." Watu wakaitika kwa sauti moja. Vuai alikuwa mbele, kati ya askari wawili waliongoja kumtoa mjini, naye hakufungua kinywa. Kadhi akaona, akamwonyesha Sultani kwa kidole. Sultani akarudia maneno yake, mara hii akimwelekea Vuai peke yake.

"Bwana wangu," akasema Vuai, "ulimi wangu unataka, mgongo unakataa. Viboko hivi nimepigwa kwa usaliti ambao sijautenda, basi hadi leo ni dhuluma. Siku nitakapokusaliti vitakuwa haki, nami nitakuwia radhi kwa furaha. Lakini ukinifukuza leo, nitakusaliti wapi? Utabaki na dhuluma shingoni, na safari ni ndefu."

Sultani akamgeukia kadhi, na kadhi, ambaye alikuwa mtu mwoga ila mkweli akibanwa, akasema haoni kasoro katika maneno hayo. Aliyekwisha kuadhibiwa anadai kosa lake. Sultani akafikiri sana. Akasema basi, Vuai abaki mjini, na amsaliti kabla hajarudi.

Vuai akainama, akaeleza kwamba yu tayari kutii, lakini kuna jambo. Katika hadithi zote, tangu lini mtu akasalitiwa na asiyemwamini? Msaliti huaminiwa kwanza. Yeye ni mwambaji wa vitanda, hajawahi kuaminiwa kwa ufunguo hata wa banda la kuku, basi atamsaliti Sultani kwa kitu gani, kwa kamba? Watu wakaanza kucheka kwa chinichini. Waziri Sheuna akataka kusema neno, lakini Sultani alikuwa ameshaona uzuri wa hoja ile, na Sultani akiona uzuri wa hoja hakuna wa kumzuia. Akaamuru funguo zitoke kiunoni mwa Waziri ziingie mkononi mwa Vuai. Waziri akaambiwa apande punda afuatane na msafara, kwa kuwa hana tena cha kulinda.

Sultani akasema kabla ya kuondoka, "Nisaliti, ewe Vuai, usaliti wa viboko arubaini, usipungue wala usizidi. Nikirudi nikakuta hujanisaliti, umenidanganya, na hukumu ya kukufukuza ingalipo."

Haya basi. Kadhi akakubali kwamba radhi iliyoahidiwa yatosha kwa sasa, msafara ukaondoka, na Vuai akarudi nyumbani na funguo za mji mzima, na shida ambayo hakuna mwaminifu aliyewahi kuipata. Asipohaini, atafukuzwa.

Akaanza na ghala, maana mwaka ule ulikuwa wa njaa na wajane walikuwa wakila majani. Akaona atoe pishi arubaini za mtama wa Sultani awagawie, kila kiboko pishi yake. Akamwita kadhi awe shahidi kwamba usaliti haukuzidi kipimo. Wakafungua ghala, wakakuta makanda mia mbili yamepangwa hadi darini, kila kanda limeshonwa na kutiwa muhuri wa Waziri Sheuna. Wakafumua moja. Juu palikuwa na mtama wa viganja viwili, na chini yake mchanga. Kadhi akakaa kitako palepale. Vuai akamsihi wasiguse jingine, akafunga.

Akaenda nyumba ya silaha, akisema moyoni kwamba ataiba mikuki arubaini. Akakuta mipini. Vichwa vya mikuki vilikuwa vimeshaondoka miaka mingi, na mchwa walikuwa wakimalizia iliyobaki.

Likabaki lango. Kulikuwa na adui wa jadi wa Kilimbasi, mfalme wa Zingo, mwendo wa nusu siku. Vuai hakuwa na nia ya kuuangamiza mji wake, la hasha, ila alidhani akiuza ufunguo halafu akabadilisha kitasa, usaliti utakuwa umetimia na hakuna atakayeumia. Akaenda, akapokewa vizuri. Mfalme wa Zingo alipoona ule ufunguo alimtazama kwa huruma, akatoa wa kwake chini ya zulia, akazilinganisha, zikawa mapacha. Akaeleza kwamba Waziri alimpa huu mwaka wa juzi, na barua juu yake, lakini watu wake walipokwenda kupeleleza walirudi wakasema hakuna cha kuteka isipokuwa mchanga. Vuai akaomba barua ile kwa adabu, akapewa, maana haikuwa na kazi tena.

Akarudi nyumbani amekata tamaa kabisa. Akamweleza mkewe kwamba miezi mitatu inakwisha na hajapata hata upenyo mmoja wa kuhaini, kila mahali amekuta mtu ametangulia. Mwanashee akacheka hadi akashika mbavu. Vuai hakuona cha kuchekesha. Usiku aliota yuko nje ya lango, na mkewe ndani, ukuta kati yao.

Sultani akarudi amenenepa, anamsifu mjukuu. Hakungoja hata kunawa, akaketi barazani, akamwita Vuai akamuuliza kama amemsaliti.

"Bwana wangu, nimeshindwa," Vuai akajibu. "Nilikwenda kukuibia mtama nikakuta umeshaibiwa. Nilikwenda kukuibia mikuki nikakuta imeshauzwa. Nikaona nikuuze wewe mwenyewe, nikakuta umeshauzwa mwaka wa juzi. Kiti cha msaliti wako hakikuwa na nafasi ya makalio mawili."

Akatoa barua, na kadhi akashuhudia. Sultani akaenda ghalani kwa miguu yake. Akafumua kanda kwa mkono wake, na jingine, na jingine, muhuri baada ya muhuri, mchanga ukimwagika juu ya viatu vyake vya safari. Katika hadithi zote alizozililia, hakuwahi kujua kwamba jambo lenyewe lina uzito wa namna hii.

Akageuka kumtafuta Waziri, na Waziri, ambaye hakuwa mjinga, alikuwa ameshapiga magoti.

"Nakiri, mtukufu," akasema Waziri Sheuna. "Lakini neno la Sultani halirudi nyuma. Mpiga mbiu alitangaza sokoni, mji mzima ukisikia, kwamba msaliti wa safari hii amehukumiwa, na hukumu haitatolewa mara ya pili kwa mtu yeyote."

Na ndivyo ilivyokuwa. Sultani akamtazama kadhi, kadhi akatazama dari. Basi wote wakamtazama mwambaji wa vitanda.

"Waziri amesema kweli," Vuai akanena, "na mtu asihukumiwe mara mbili. Lakini hukumu ile ilikuwa na vipande viwili, na kimetimizwa kimoja. Viboko nimempokelea mimi, wala simdai shukrani. Kufukuzwa kungali pale pale, kunamngoja mwenyewe." Kisha akaongeza kwamba lango limefunguliwa tayari, na kama Waziri ataona shida, ufunguo mwingine uko Zingo.

Sultani akacheka. Akacheka hadi kilemba kikamwangukia, na watu wa baraza wakacheka kwa kuwa sasa imeruhusiwa. Waziri Sheuna akatolewa siku ile ile, kwa miguu, na hakuna aliyemwambia niwie radhi wala yeye hakumwambia mtu.

Sultani akataka Vuai azivae funguo zile daima. Vuai akakataa, akasema zinamfanya mtu alale vibaya, na yeye anaujua usingizi kwa kazi yake. Akaomba punda mmoja tu, mpole, wa kumpandisha Mwanashee. Akapewa wawili.

"Basi sasa," akasema Sultani, "niwie radhi, Vuai. Safari imekwisha na deni lako la maneno lingalipo."

Vuai akamuuliza jambo moja kwanza. Msaliti hakuwa yeye. Je, viboko vile vilikuwa haki, au vilikuwa dhuluma?

Hakuna aliyewahi kumsikia Sultani wa Kilimbasi akijibu swali la namna hiyo. Sultani akayatazama mafuta ya nazi yaliyoilowesha kanzu ya yule maskini, mgongoni, ambako vidonda viwili vilikuwa vimekataa kupona.

"Vilikuwa dhuluma," akasema.

"Nimekuwia radhi," akajibu Vuai, akachukua kamba zake akaenda zake, kwa kuwa kulikuwa na kitanda cha mtu kimelegea.

Nami nimewaachia hadithi hapo nilipoikuta. Mwenye kutaka kuirefusha na airefushe, ila asianze na adhabu.