Mbwa Hungoja Alipolishwa

Hakuna methali katika milima hii ya Upare ambayo mimi sijui ilikotoka. Hakuna hata moja. Basi, tuseme hakuna nyingi. Na hizo ninazozijua zimeanza kunitoka pamoja na meno, kwa hiyo nisikilizeni upesi kabla hii nayo haijadondoka.

Mmekuja mbio kwa sababu mmemsikia fundi Msangi akimwambia mkwewe pale kinuni, "Mbwa hungoja alipolishwa," na yule mkwe akainama kama kuku aliyenyeshewa. Mkacheka. Hamkujua mnacheka nini. Methali hii haikuzaliwa penye kicheko. Chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na mbwa mwekundu, aliyekatika sikio moja, jina lake Watachoka. Aliyempa jina hilo ni Bibi Nakijwa, mjane, ili majirani waliokuwa wakimsengenya wapate salamu zao kila anapomwita mbwa wake. Mambo ya nyumba ile aliyaona mbwa huyo kuliko watu, ndiyo maana nitawasimulia kwa macho yake. Msiniulize nani alizungumza na mbwa. Nilipokuwa na umri wenu niliuliza, nikapewa masufuria nioshe.

Kwa Watachoka, watu wa nyumba ile walikuwa mikono. Mkono wa Namkunda, mama mwenye nyumba, ulinuka moshi na ulikuwa na haraka; ulirusha ukoko, naye akaudaka hewani. Mikono ya watoto ilikuwa midogo na ilivuta mkia. Mkono wa Kajiru, baba yao, ulinuka tope na haukuwahi kumpa kitu. Mkono wa Bibi Nakijwa, mama yake Kajiru, ulikuwa mkavu kama gome la mti, na huo ndio alioupenda, kwa sababu Bibi hakuweza kula tonge mbele ya macho ya mbwa bila kulimega.

Mwaka mmoja mvua zilikataa. Mashamba ya tambarare yakaungua, mbwa wa kijiji wakabaki mbavu, na wenye mbwa nao hawakuwa mbali. Kilichobaki kimesimama ni mahindi ya shamba la juu, kando ya msitu, ambako ukungu uliyanywesha kidogo kidogo. Huko nyani na ngedere walikuwa wakingojea kama wageni wa harusi. Alihitajika mlinzi. Kajiru na wanaume wenzake walikuwa wakichimbua mfereji uliokauka. Namkunda alikuwa na mtoto mgongoni. Bibi Nakijwa akasema, "Nipeni debe la kupiga. Nyani wananiheshimu, maana tumeanza kufanana." Akapanda kwenye ulingo, kile kitanda kirefu cha miti katikati ya shamba, akawa anashinda huko na kulala huko.

Sasa mjue desturi. Zamani zile mahindi mapya hayakuguswa kabla ya malimbuko. Mkubwa wa ukoo alipaswa kuja shambani, avunje hindi la kwanza, alichome, awape waliotangulia. Ndipo wengine wale. Na mlinzi ndiye aliyefungwa zaidi ya wote. Akila hata punje, shamba lote limeharibika. Kwa hiyo Bibi Nakijwa alikaa katikati ya mahindi yaliyokuwa yakinona, akingoja chakula kutoka nyumbani.

Kila asubuhi Namkunda alipika kilichopatikana, ugali wa muhogo na majani ya maboga, akakifunga katika jani la mgomba, akamkabidhi mumewe kikapu. Kajiru akapanda mlima, Watachoka nyuma yake.

Katikati ya mlima palikuwa na jiwe bapa. Mwanzo Kajiru aliketi hapo kupumzika tu. Siku nyingine akafungua jani, anuse. Njaa, wajukuu zangu, huanzia puani. Kisha akamega kipande kama ukucha. Mbwa akamtazama. Mwizi hata macho ya mbwa humsuta. Kajiru akamrushia tonge, kama mtu anayemhonga askari. Watachoka akalidaka. Ilikuwa mara ya kwanza mkono ule kumpa kitu.

Tangu hapo wakifika jiweni mbwa hutangulia kuketi. Kajiru naye huketi. Mbwa huweka kidevu juu ya goti lake, hufumbua kinywa. Matonge kwa mtu, tonge kwa mbwa, kisha jani hufungwa upya, jepesi. Kwa akili ya mbwa, hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba: jikoni kunapikwa, jiweni kunaliwa, ulingoni kunapelekwa jani.

Bibi Nakijwa alilifungua, akalitazama, na kile kidogo akakimega tena ampe mbwa. "Kula, mwanangu. Naona huko nyumbani ni kubaya kuliko huku." Harufu yake ilianza kubadilika. Ilikuwa kama ya majivu yaliyomwagiwa maji.

Mwishowe aliwatuma wakata kuni wampelekee habari kaka yake, mzee Senyagwa. Mzee akaja hadi kwa Kajiru, akaketi uani.

"Mpwa wangu, dada yangu anasema hali chakula."

"Mjomba, mama amezeeka," Kajiru akasema. "Anakula, analamba vidole, halafu anauliza chakula kiko wapi."

Namkunda akatoka jikoni na mwiko. "Kwa hiyo mimi simpikii? Jani nalifunga kila siku kwa mikono hii! Anitangazie ubaya mpaka kwa wakata kuni?"

"Tulia, mama Mbonea," mzee akasema, akicheka. "Hata mama yetu alikuwa hivyo. Alitafuta kilemba siku nzima, kiko kichwani."

Wakacheka wote. Watachoka akatikisa mkia, kwa sababu watu wakicheka mara nyingi kitu hudondoka. Siku hiyo hakikudondoka kitu. Mzee akarudi kwake bila kupanda mlima.

Mtoto akisema ana njaa, hupewa chakula. Bibi akisema ana njaa, hupewa pole ya uzee. Likumbukeni hilo mnaponiona nachungulia sufuria.

Maneno ya Kajiru yalimfikia mama yake ulingoni, na hayo ndiyo yaliyommaliza kuliko njaa. Alimshika mbwa sikio lake lililobaki, akamwuliza, "Labda nimekula, eh? Wewe ulikuwepo. Labda kweli nimesahau." Mbwa akamlamba kidole.

Asubuhi moja debe halikulia. Watachoka alifika kabla ya Kajiru. Mkono mkavu ulikuwa umening'inia ukingoni mwa ulingo. Aliulamba, akangoja umege kitu. Haukumega. Pande zote mahindi yalikuwa yamekomaa, na hapakuwa na bua hata moja lililovunjwa hindi lake.

Wakamshusha, wakamzika nyumbani. Waombolezaji wakasema, "Uzee ni ugonjwa." Baada ya mazishi mzee Senyagwa akataka aone mahali dada yake alipokata roho. Wakapanda naye Kajiru na Namkunda, Namkunda akiwa na kikapu cha chakula cha vijana waliobaki kulinda shamba. Watachoka alitangulia.

Kwenye jiwe bapa mbwa akaketi. Akatikisa mkia, macho yake kwenye kikapu.

"Ondoka hapo! Twende!" Kajiru akaokota kijiwe.

"Ana nini?" Namkunda akauliza.

"Amechoka."

"Amechoka? Leo asubuhi amemkimbiza ngedere mpaka bondeni."

"Basi amenusa nyoka."

"Mbwa akinusa nyoka hatikisi mkia," mzee Senyagwa akasema. Alimtazama mbwa, akamtazama mpwa wake. "Wewe huwa unapumzika hapa?"

"Mimi? Sijawahi kuketi hapa hata siku moja, mjomba. Nilikuwa napita moja kwa moja, chakula kisipoe."

"Vizuri. Basi keti leo."

"Mjomba, jua linapanda..."

"Nimesema keti. Na wewe, mama Mbonea, mpe kikapu."

Amri ya mjomba haikataliwi, hasa siku za msiba. Kajiru akaketi ukingoni, kikapu mapajani. Watachoka akainuka, akamsogelea polepole, akaweka kidevu chake juu ya goti, mahali pake pale pale. Akafumbua kinywa. Akangoja.

Namkunda alijifunika uso kwa khanga, akaanza kulia upya, kilio ambacho hakukilia kaburini.

"Mbwa huyu ana tabia mbaya," Kajiru akasema. "Hata sijui nani amemfundisha."

"Kajiru," mzee akamwambia, "mbwa hungoja alipolishwa."