Mfuko wa Nepi na Jina la Mtoto

Hapo zamani, na simaanishi zile za wafalme na majini, ni zamani ya juzijuzi tu, cherehani ziko barazani na redio ziko madirishani, palikuwa na mtu na mkewe mjini Tabora. Mume alikuwa fundi baiskeli, jina lake Mashaka. Mke jina lake Siwatu. Kaeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Siwatu alijifungua mtoto wa kike kwa upasuaji. Wakamrudisha nyumbani, mshono bado mbichi. Mashaka akaenda kazini, mama akabaki na mwanawe. Mtoto akaloa, akalia. Nepi zilikuwa kapuni, na kapu liko sakafuni. Siwatu akainama. Mshono ukafumuka, akarudishwa hospitali, akashonwa upya. Muuguzi akamwambia, "Dada, ukiinama tena safari hii, sikuahidi kwamba utarudi kwa mwanao."

Najua, mtaniambia angeweka nepi mezani. Meza ipi? Chumba kile kilijaa kitanda. Ukisukuma mlango unagonga godoro.

Mashaka aliogopa, akaogopa kweli. Walipokuja wanawake watatu kumjulia hali mgonjwa, akasema mbele yao, "Atakayemwezesha mke wangu kushika nepi bila kuinama, binti yangu ataitwa kwa jina lake." Neno likatoka. Mashaka si mtu wa kula maneno yake, na mtaa mzima unamjua hivyo.

Wa kwanza alikuwa Nyamizi, jirani yao, muuza vitana na vifungo sokoni. Akasema, "Mimi bidhaa zangu naziweka kwenye kitambaa chenye mifukomifuko, nakitundika. Mkono unafika, mgongo haujui lolote. Mshoneeni Siwatu kitu kama hicho, nepi mfuko huu, poda mfuko huu, pini mfuko huu." Hakuna aliyekuwa amewaza hivyo.

Wa pili alikuwa Chausiku, dada yake Mashaka, fundi cherehani. Akachukua kanga, akashona. Wakajaza nepi, kanga ikalegea, ikachanika. Akasema, "Nipeni kitambaa kizito, nitawaonyesha."

Wa tatu alikuwa Bi Mgeni, mama yao Mashaka na Chausiku. Akaenda chumbani kwake, upande wa pili wa ua, akafungua sanduku, akatoka na kitambaa cha marekani, cheupe, kizito, kipya. "Shona, mwanangu," akasema.

Chausiku akakata, akashona. Mifuko ikatoka bapa kama bahasha, nepi zikagoma kuingia. Akafumua yote. Akautia kila mfuko marinda chini, upate tumbo. Akashona mara mbili kila pembe. Wateja wake wakaja kuulizia nguo za sikukuu, akawaambia wasubiri, wengine wakahamia kwa fundi mwingine. Mfuko ulipokwisha, Nyamizi akamlaza Siwatu, akamwambia anyooshe mkono, na pale mkono ulipofika bila kujivuta ndipo akapigilia misumari ukutani, akautundika.

Siwatu hakuinama tena. Mtoto akiloa, mkono unakwenda mfukoni, nepi inakuja. Mshono ukakauka, ukafunga, mama akapona. Jina likangojwa mpaka arobaini.

Siku ya arobaini ilipofika, watu wakajaa uani. Mashaka akasema, "Nimeahidi jina moja. Semeni wenyewe."

Nyamizi akasema, "Bila mimi, Chausiku angeshona nini? Bila mimi, marekani ingekuwa sandukuni hadi leo. Wazo ni langu, na misumari nimepigilia mimi. Mtoto ni Nyamizi."

Chausiku akasema, "Wazo lako lilichanika na kanga, shoga. Mfuko ni marinda yale, na marinda ni mikono hii. Nimewashonea watoto wa mji huu mzima, mimi mwenyewe sikujaliwa, na hakuna hata mmoja anayeitwa Chausiku. Mtoto ni Chausiku."

Wote wakamgeukia Bi Mgeni. Bibi akautengeneza mtandio wake.

"Marekani ile ilikuwa sanda yangu," akasema. "Niliinunua nikiwa na nguvu zangu, nisije nikawasumbua. Nimetoa vazi langu la mwisho ili mama wa mjukuu wangu aishi. Na nikiondoka, nataka jina langu libaki linaitwa humu ndani. Mtoto ni Mgeni."

Nyamizi akawa wa kwanza kusema. "Mimi sikujua. Ningejua, nisingeitundika juu ya kichanga."

"Mimi nilijua," Chausiku akasema. "Ilinuka kafuri ya maiti. Nilishika sanda ya mama yangu, nikailowesha kwa machozi, nikaifua, nikaianika juani mpaka ikanuka sabuni. Kisha nikaitia mkasi. Sikumwambia mtu, maana wifi angekataa, na angeinama."

Mashaka akamtazama mama yake, akamtazama dada yake, akamtazama jirani.

Hapo mtoto akalia ndani. Siwatu akaenda. Wakamwona kupitia mlangoni, amesimama wima, mkono wake umeingia mfukoni bila hata kutazama. Alipotoka na mtoto mkavu begani, macho yake yalikuwa yamelowa.

"Tangu azaliwe namwita wewe," akasema. "Nyamaza wewe, nyonya wewe. Nimechoka. Nipeni jina la mwanangu, nimwite kabla jua halijazama."

Haya, nimemaliza yangu. Wala mtu asiniambie mtoto apewe majina matatu, ahadi ilikuwa ya jina moja. Asiniambie pia wapige kura, jina la mtu si mchezo wa bao. Kuna mwenye wazo, ambaye angekijua kitambaa kile asingekitundika. Kuna mwenye mikono, aliyejua akanyamaza. Kuna mwenye sanda, aliyetoa kitu ambacho mwingine angeogopa hata kukigusa. Na pale uani amesimama mama mzima, mzima kwa sababu yao wote, anangoja.

Je, nani alistahili? Amwite mwanawe nani?