Cherehani ya Kokubanza

Jicho la jirani hushinda komeo.

Bibi Kemilembe aliyasema maneno hayo huku akichambua maharage, na wajukuu zake wawili wakamgeukia. Asimwe alikuwa amepata kazi Dar es Salaam, na tangu mchana alikuwa akibishana na kaka yake Mujuni juu ya mtaa wa kupanga chumba. Huu una matukio mengi ya wizi, ule una machache. Huu watu wanausema vibaya, ule hausemwi kabisa.

"Bibi, huo ni msemo wa Kihaya?" Mujuni aliuliza.

"Wala. Umezaliwa Mwanza, katika mtaa niliozaliwa mimi, na aliyeuleta ni mama yangu." Bibi akasogeza ungo pembeni. "Kaeni vizuri. Msemo huo ulipatikana namna hii."

Kokubanza, mama yake Bibi Kemilembe, alikuwa mshonaji kutoka Kamachumu, Uhayani. Baba yake alipopata msimu mzuri wa kahawa kuliko yote aliyowahi kuiona, watu walidhani ataezeka nyumba kwa bati. Hakuezeka. Alimnunulia binti yake cherehani ya kukanyaga kwa mguu, nyeusi, yenye maua ya rangi ya dhahabu ubavuni. Mwaka uliofuata mzee akafariki. Tangu hapo Kokubanza kila alipokaa kushona aliipangusa kwanza cherehani kwa kiganja, kama mtu anayempapasa mtoto kichwani.

Mumewe, Rutashobya, alipata kazi Mwanza kwenye kinu cha kuchambulia pamba. Wakapanda meli wakiwa na godoro, vyombo na cherehani iliyoviringishwa kwenye mablanketi mawili. Usiku mzima wa safari Kokubanza alilala ameuegemeza mguu wake kwenye kile chuma. Walifikia kwa binamu ya Rutashobya, wakaanza kutafuta nyumba.

Zilipatikana mbili, kodi ileile. Moja ilikuwa Mtaa wa Misaji, juu mlimani, mahali penye kuta ndefu na mageti. Nyingine ilikuwa Bombani, chini, ambako bomba moja la maji lilihudumia mtaa mzima na nyumba zilikuwa zimebanana hata moshi wa jikoni kwako ulimkohoza mtu wa nyumba ya pili.

Rutashobya alikuwa mtu mwangalifu. Alikwenda kituo cha polisi, akamkuta Koplo Magesa, akamuuliza bila kuzunguka, "Afande, kati ya Misaji na Bombani, wapi wanaiba zaidi?"

Koplo alicheka. "Bombani? Hao haipiti siku hawajafika hapa. Leo kuku, kesho shuka kwenye kamba. Misaji mwezi unaisha hatujamwona mtu."

Rutashobya alirudi amefurahi. "Mke wangu, hesabu yake ni nyepesi. Kule wanaiba, huku hawaibi."

Kokubanza hakubisha. Bombani alikuwa amepita mara moja tu kuitazama ile nyumba, na wanawake waliopanga foleni ya maji walimhoji kama mahakimu. Wewe ni nani? Umeolewa na nani? Hicho kwenye kikapu ni nini? Mama mmoja mnene wa Kisukuma, Bi Nyamizi, alikuwa amemshika hata upindo wa gauni akauliza nani kashona, naye akajibu ni yeye mwenyewe, kwa cherehani yenye maua ya dhahabu aliyonunuliwa na baba yake. Kokubanza alijiambia, hapa mtu hawezi hata kuficha kikohozi. Basi wakahamia Misaji.

Nyumba ilikuwa nzuri. Rutashobya aliweka makomeo mawili mlangoni na kufuli kubwa nje. Lakini mtaa ule ulikuwa kimya. Kokubanza akipiga hodi, walioitikia ni mbwa. Siku moja alipika ndizi kwa maharage akapeleka sahani kwa jirani. Geti likafunguka kidogo, mkono ukapokea, sauti ikasema ahsante. Kesho yake alikuta sahani imewekwa juu ya ukuta, imeoshwa, tupu. Kwao sahani ya jirani haikurudi tupu. Hata kama huna kitu, utaweka ndimu. Alisimama pale ukutani na sahani yake, akawakumbuka watu wa Kamachumu mmoja mmoja, akalia kidogo, kisha akarudi kushona.

Asubuhi moja Rutashobya akiwa kazini, Kokubanza alifunga nyumba akashuka sokoni kununua uzi na vifungo. Aliporudi, jua lilikuwa utosini. Kufuli lilikuwa chini, limekatwa. Ndani godoro halikuwepo, wala vyombo. Pale dirishani ilipokuwa cherehani, palibaki alama za miguu yake ya chuma kwenye sakafu na vipande vya kitambaa.

Alitoka akaenda moja kwa moja kwenye geti la jirani, akaligonga kwa ngumi mpaka mzee mmoja akafungua.

"Baba, shikamoo. Hujaona mtu nyumbani kwangu?"

"Marahaba. Nimewaona," mzee alijibu kwa utulivu. "Vijana wawili na mkokoteni. Walipakia taratibu tu. Nikadhani mnahama."

"Tunahama, na mimi mwenyewe hukuniona?"

Mzee alimtazama, na kwa mara ya kwanza akaonekana kuona haya. "Mama, mimi sura yako sikuwa naijua."

Kokubanza alishuka mlima akikimbia, kanga imemtoka kichwani. Alichokuwa akikiona mbele yake hakikuwa barabara. Ilikuwa mikono ya baba yake ikifungua kamba za lile sanduku la cherehani, siku ile Kamachumu, na ukoo mzima umesimama uani.

Alipofika kituo cha polisi alikuta watu wamejaa mlangoni. Wanawake wa Bombani, wengine na ndoo kichwani, walikuwa wakisema wote kwa pamoja. Katikati yao palikuwa na mkokoteni, na juu ya mkokoteni, imelazwa kwenye godoro lake mwenyewe, ilikuwa cherehani nyeusi yenye maua ya dhahabu.

Kokubanza aliikumbatia, kisha akaipangusa kwa kiganja.

"Haya, mwenyewe ndiye huyu!" Bi Nyamizi alipaza sauti. "Si niliwaambia ni ya yule mwenye gauni la upindo?"

Koplo Magesa aliwanyamazisha, akataka aelezwe moja moja. Bi Nyamizi akaeleza. Kutoka Misaji kwenda stendi ya malori njia ilikuwa moja tu, nayo ilipita bombani. Wale vijana walipofika penye foleni, wanawake waliwauliza kama walivyomuuliza kila mtu: mnatoka wapi, mnaenda wapi, mizigo ya nani?

"Wakasema wanamhamisha mama mmoja. Nikawauliza, mama mwenyewe yuko wapi? Wakasema ametangulia. Ametangulia!" Bi Nyamizi alipiga makofi. "Afande, mwanamke gani huyo anayeitanguliza miguu yake na kuiacha cherehani nyuma na wanaume? Nikaushika mkokoteni. Mwenzangu akaanza kupiga yowe. Kutazama, vijana wametoka mbio, mmoja kaacha hata kiatu."

Watu walicheka. Kokubanza hakuweza kucheka. Alimgeukia Koplo. "Afande, ulimwambia mume wangu Misaji hawaibi."

Koplo alivua kofia. "Nilisema hatujamwona mtu. Kuibiwa wanaibiwa, nasikia baadaye. Ila nani atakuja kushtaki, na atamtaja nani, ikiwa hakuna aliyemwona mwenzake? Hawa," akawaonyesha wanawake kwa kofia, "hawa kuku akipotea, najua kabla mwenye kuku hajajua."

"Mlikuwa na komeo?" Bi Nyamizi aliuliza.

"Makomeo mawili," Kokubanza alijibu. "Na kufuli."

"Pole, mwanangu. Komeo halina macho."

Hawakulala tena Misaji. Mkokoteni uleule uligeuzwa kichwa, ukasukumwa Bombani kwenye ile nyumba waliyoikataa, iliyokuwa bado haijapangwa, wanawake wakiusindikiza kwa vigelegele kana kwamba wanapeleka bibi harusi. Rutashobya alipotoka kazini alielekezwa na mtu asiyemjua, aliyemwambia, "Wewe ndiye mume wa cherehani? Nyumba yako ile pale."

"Hapo ndipo nilipozaliwa," Bibi Kemilembe alisema. "Msidhani palikuwa peponi. Tuliibiwa sufuria, tuliibiwa nguo kwenye kamba, na Bi Nyamizi alituchunguza mpaka tukachoka. Lakini nyumba yetu mchana haikufungwa. Mama alishona barazani, na kila aliyepita alimsalimu, naye alimjua kwa mwendo kabla hajainua kichwa. Mgeni akija kupanga, mama alimwambia maneno yaleyale ya jicho na komeo, hata mtaa mzima ukayashika, sisi watoto tukawa tunayasema tukiruka kamba. Siku alipokufa, bomba lilifungwa tangu asubuhi. Hakuna aliyechota maji mpaka tulipotoka kuzika."

Akauvuta tena ungo wake wa maharage. Nje ng'ombe wa mtu alipiga kelele.

"Sasa, Asimwe," akasema, "hizo habari za wizi zisome, si vibaya. Kisha ushuke ukautembee huo mtaa mchana, uone kama kuna atakayekuuliza wewe ni nani."

"Na wakiniuliza, Bibi?"

"Wajibu vizuri, mwanangu. Utakuwa umefika. Jicho la jirani hushinda komeo."