Bustani Ishirini na Nne za Chupa

Methali isemayo umdhaniaye ndiye siye hutajwa sana na watu ambao tayari wamechelewa. Maana yake si ngumu. Yule unayemshuku, ukamkodolea macho na kumjengea kesi moyoni, huenda hana hatia hata chembe, na mwenye hatia yuko mahali ambapo hukujisumbua kutazama. Regina aliisikia tangu darasa la nne, akaiandikia insha na kupewa alama nzuri. Kuielewa alikuja kuielewa akiwa na miaka thelathini na mmoja, na safari hiyo hakupewa alama yoyote.

Regina alikuwa mtunza bustani katika nyumba moja ya wageni mjini Isiolo. Wanaosema Isiolo haina kipupwe hawajawahi kuamkia kazi ya nje huko mwezi wa Julai. Baridi yenyewe ni ya asubuhi tu, lakini upepo! Huvuma kutwa, ukazoa vumbi la barabarani na kulimwaga juu ya kila jani. Kazi ya miezi hiyo ilikuwa kuivisha mipapai michanga magunia, kupogoa ua la michongoma na kurundika nyasi kavu kwenye mashina ya mawaridi ili unyevu usitoroke. Baada ya hapo hapakuwa na kazi. Ndiyo maana kila mwaka meneja, Bwana Mworia, mtu mpole wa sauti na mkavu wa uamuzi, alimwambia akae nyumbani hadi mvua za Novemba.

Mwaka huu Regina aliapa kwamba hatakaa. Alikusanya chupa kubwa za kioo zenye vifuniko, zile ambazo wenye maduka huwekea peremende, akaanza kupanda bustani ndani yake. Chini aliweka kokoto, juu yake mkaa uliopondwa, kisha mchanga mweupe wa kupendeza macho, kisha udongo mweusi, na juu kabisa kangaga na mimea midogo ya kivulini aliyoletewa kutoka upande wa Meru. Ukinyunyiza maji mara moja na kufunga kifuniko, maji hupanda kwa mvuke, yakagota kwenye kioo na kuteremka tena. Chupa ikawa na mvua yake yenyewe huku nje vumbi likifanya litakalo.

Alichojivunia zaidi ni ule mchanga mweupe. Aliuokota Kipsing, alipokwenda kwenye sherehe ya mahari ya binamu yake. Aliona mahali peupe pepepe palipokanyagwa na kwato nyingi, roho yake ikapapenda, akajaza nusu gunia. Mjini hapakuwa na mwingine mwenye mchanga kama huo.

Bwana Mworia aliizungusha chupa ya kwanza mikononi, akaitazama chini na juu.

"Hii iko sawa," alisema. "Tengeneza ishirini na nne. Zikikaa poa mpaka mwisho wa Agosti, tunaweka kila rumu, na mimi nakuandikia barua ya kazi ya kudumu. Zikikufa, wewe unajua njia ya nyumbani."

Barua ya kudumu! Regina alikuwa ameingoja miaka sita. Usiku ule usingizi ulimpaa kwa furaha.

Chupa zilipangwa kwenye rafu ya stoo, mbele ya dirisha. Stoo hiyo ilikuwa pia ya Jawahir, mfanya usafi, aliyeweka humo fagio, ndoo na sabuni zake. Jawahir alikuwa mwanamke wa maneno machache, na mtu wa maneno machache ni rahisi kumshuku, kwa kuwa nafasi anayoiacha wazi unaijaza mwenyewe. Siku moja alisimama mbele ya rafu na kusema, "Dada yangu mdogo pia anapenda sana maua." Regina alitabasamu kwa meno tu. Moyoni alijiambia: kumbe! Anamtafutia dadake kazi yangu.

"Hizi chupa mtu asishike," alisema. "Hata vumbi usipanguse."

"Sawa, abaayo," Jawahir alijibu, akimwita dada kwa Kisomali, akachukua ndoo yake akaenda zake.

Mwisho wa Julai, ncha za kangaga katika chupa tatu zikageuka rangi ya kahawia, kana kwamba mtu amezipitishia pasi ya moto. Baada ya wiki moja zikawa chupa tano. Majani yalinyauka hali maji yamo tele, na Regina hakuwahi kuona mmea ufao kwa kiu ukiwa umesimama majini. Alinusa chupa moja, akanusa na nyingine. Hatimaye akainusa ndoo ya Jawahir, iliyonuka dawa ya kusugulia vyoo, na hapo akaona amepata jibu.

Tangu siku hiyo kazi ya bustani ikawa ya pili, ya kwanza ikawa upelelezi. Alibandika unywele juu ya kila kifuniko ili ajue kikifunguliwa. Alinyunyiza unga wa ngano sakafuni akiondoka jioni, na asubuhi akakuta alama za ndara za Jawahir, kutoka mlangoni hadi kwenye fagio na kurudi. Damu ikamchemka kana kwamba amemfumania mwizi chumbani mwake. Sasa jamani, ni nani mwingine angeingia kuchukua fagio? Lakini mwenye shuku hashindwi na ushahidi. Jawahir akimsalimia, Regina aliona unafiki. Jawahir asipomsalimia, aliona dhamiri inamsuta.

Chupa zilizoharibika Regina alizitenga sakafuni, karibu na pipa la taka, kwa kuwa hakuwa na moyo wa kuzimwaga. Jumatatu moja ya Agosti alikuta tatu hazipo. Alimwendea Lodio, mlinzi wa lango, mbio mbio.

"Lodio, umeona mtu akitoka na chupa zangu?"

Lodio alikuna kidevu. "Chupa sijui. Lakini Jawahir jana alitoka na kitu kubwa ndani ya buibui. Alikuwa anatembea pole pole kama mtu amebeba mayai. Nilimwuliza, akasema ni vitu zimetupwa."

Regina hakuhitaji la ziada. Alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Mworia, akamwaga yote: dada mdogo, ndoo, alama za ndara, buibui. Jawahir akaitwa. Alisimama mlangoni akiwa bado ameshika kitambaa kibichi.

"Ulichukua hizo chupa au hukuchukua?" Bwana Mworia aliuliza.

"Nilichukua. Zilikuwa kwa takataka. Nilitaka nione kama zinaweza kupona."

Regina akaangua kicheko kikali. "Daktari wa maua huyo! Unaua hapa, unatibu nyumbani? Sema ukweli, ulimwaga nini ndani?"

"Mimi sijamwaga kitu, walahi."

"Kila siku uko na dawa ya choo mkononi. Sema tu!"

Jawahir alimtazama meneja, akamtazama Regina, kisha akakikunja kile kitambaa mara mbili na kukiweka mezani taratibu. Bwana Mworia alisema kwamba kuchukua kitu cha kazini bila ruhusa ni wizi, jina lingine hakuna. Kabla ya adhuhuri Jawahir alikuwa ametoka langoni na mfuko wake, na Regina alirudi kwenye rafu yake akiwa mwepesi. Naam, nitasema ilivyokuwa: alifurahi.

Furaha ile haikumaliza wiki. Chupa ya kumi ikaungua ncha, ikafuata ya kumi na moja. Mshukiwa hayupo, na mimea inakufa vilevile! Regina akamgeukia Lodio, akamwuliza kwa nini hupita karibu na dirisha, na Lodio akamjibu kwamba mlinzi asiyezunguka nyumba ni sanamu. Akanunua kufuli, akafunga stoo na kuuning'iniza ufunguo shingoni, ndani ya blauzi. Haikusaidia. Ilipofika wiki ya mwisho ya Agosti zilikuwa zimesalia sita tu zenye kijani, na Bwana Mworia alikuwa aje kuzikagua Ijumaa.

Mtu mwingine angejiuliza swali lililokuwa limebaki. Regina alijipatia jibu lingine: Jawahir alimwaga sumu ya polepole kabla ya kufukuzwa. Basi Jumanne baada ya kazi akafunga safari hadi Kiwanjani, mtaa alikokaa Jawahir, roho juu juu, kumlazimisha ataje jina la sumu hiyo.

Alimkuta mama yake Jawahir, Bi Habsa, uani, akiwapa mbuzi wake maji. Mama huyu alikuwa amefanya biashara ya mbuzi tangu Regina hajazaliwa.

"Salaam aleikum," mama alisema.

"Habari yako, mama. Natafuta Jawahir."

Hakuhitaji kumtafuta. Macho yake yalikuwa yamegota dirishani, na yakabaki hapo. Chupa zake tatu zilikuwa zimepangwa kwenye kizingiti, na kila moja ilikuwa imejaa kijani kibichi. Kangaga aliyoiacha ikiwa kama kijiti kilichoungua ilikuwa imetoa majani mapya mawili.

Jawahir alitoka ndani akifuta mikono. Alimwona, akasema tu, "Karibu."

"Umeziwekea nini?"

"Hakuna kitu nimeweka. Nimetoa. Nilimwaga kila kitu nje, nikaosha mizizi, nikapanda tena na udongo wa Rapsu, ule mjomba wangu analima vitunguu."

"Na mchanga wangu mweupe?"

Bi Habsa ndiye aliyejibu, akionyesha kwa fimbo. "Ule alimwaga pale." Palikuwa na shimo dogo, laini kama bakuli lililooshwa, na mbuzi wawili walikuwa wamepiga magoti wakililamba lisilo na kitu. "Tangu siku hiyo hawatoki. Wamekula mchanga, wakakula na chini yake. Huu mchanga ulitoa wapi, mama?"

"Kipsing."

"Na hapo ulichota, kulikuwa na kwato?"

"Nyingi sana."

Bi Habsa aliangua kicheko hadi akaegemea fimbo. "Mturkana wa aina gani wewe! Mtoto wa miaka mitano, mchungaji, anajua. Hapo ni mahali mifugo inaenda kulamba chumvi!"

Regina alikuwa Mturkana kweli, ila alizaliwa mjini. Baba yake alikuwa fundi wa mawe aliyeuza mbuzi wake wa mwisho kabla yeye hajajua kutembea, na Regina hakuwahi kuchunga hata ndama. Aliinama, akagusa ukingo wa shimo kwa kidole, akakitia ulimini. Ilikuwa chumvi kali, yenye ukakasi wa magadi. Akaona yote kwa mara moja. Kila siku mvua ile ndogo ndani ya chupa ilikuwa ikiiyeyusha chumvi na kuipeleka mizizini, na kila siku yeye alikuwa mlangoni akipima alama za ndara.

Aliona aibu iliyomwasha usoni kuliko jua. "Kwa nini hukuniambia?" aliuliza, na hata kabla hajamaliza alijua ni swali la kipumbavu.

"Kujua nilijua huku, mbuzi walipoanza kulamba. Wakati huo ulikuwa umeshanifukuzisha," Jawahir alisema. "Na kabla ya hapo, ulisema mtu asishike."

Njiani kurudi, Regina alipiga hesabu ya siri. Siku tatu zilikuwa zimebaki. Angeweza kuosha mizizi ya zile sita, akapanda nyingine haraka kwa udongo wa Rapsu, na Bwana Mworia asingejua kamwe. Barua ingeandikwa. Jawahir hakuwa ameomba chochote. Wazo hilo lilitembea naye hadi langoni, na sitaficha kwamba lilikuwa tamu. Lakini kila alipoiwaza ile barua, alikiona kitambaa kibichi kikikunjwa mara mbili, na utamu ukawa shubiri.

Asubuhi alibisha kwa Bwana Mworia, akasimama palepale alipokuwa amesimama Jawahir.

"Chupa niliua mimi mwenyewe," alisema. "Niliweka mchanga wa chumvi. Jawahir alikuwa anaokoa."

Bwana Mworia alivua miwani.

"Wewe ulinifanya nifukuze mtu hana makosa," alisema.

"Ndiyo."

"Atarudi kesho, na nitamwomba msamaha mimi mwenyewe. Wewe utaenda nyumbani mpaka Novemba, kama kila mwaka. Hiyo barua sitaandika. Si kwa sababu ya chumvi. Chumvi mtu anaweza kukosea."

Regina aliitikia kwa kichwa. Alikabidhi kufuli na ufunguo.

"Na zile sita zimebaki?" aliuliza. "Zitaangaliwa na nani?"

"Ni nani hapa anajua kuziponya?" Bwana Mworia alimjibu.

Hivyo ndivyo kazi ya chupa, ambayo Regina alihofia Jawahir anainyemelea, ilivyomfikia Jawahir, na aliyempelekea ni Regina kwa mkono wake. Alhamisi walikutana langoni, mmoja akiingia na mwingine akitoka. Regina alimwomba radhi mbele ya Lodio, machozi yakimlengalenga. Jawahir hakumkumbatia, wala hakumpa mgongo. Alimwambia kwamba radhi ameisikia, na kwamba kusahau kutachukua muda. Kisha akaingia ndani kuosha mizizi. Regina akabaki barabarani, upepo ukimpiga vumbi usoni, akiwa na miezi miwili mizima ya kutafakari kwamba umdhaniaye ndiye, siye.