Kibaraza cha Mzee Mwazighe

Kulikuwa na wakati ambapo watu wa Mwalindi, kijiji kilicho chini ya milima ya Taita, waliegemea miti yao bila kuwaza. Kila ua ulikuwa na mti wa kivuli, na mtu alikaa alipotaka: shinani, juu ya mizizi, popote. Udongo ukirundikwa pale, au mbuzi akifungwa pale, hakuna aliyesema neno. Haya niliyapata kwa nyanya yangu, na nyanya hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Uani kwa mzee Mwazighe palikuwa na mkwaju uliopita miti yote. Kivuli chake kiliwatosha watu arobaini. Mwazighe alipochaguliwa kuwa mkuu wa wazee, aliona si heshima wageni wake wakae chini. Akaleta udongo mwekundu kutoka bondeni, akaurundika kulizunguka shina, akaushindilia kwa mchi mpaka ukafika kiunoni, kisha akausiriba kwa kinyesi cha ng'ombe ukawa laini kabisa. Kikawa kibaraza cha kusifiwa. Watu walitoka vijiji vya mbali kuja kukikalia.

Mwaka huohuo mwanawe, Mwadime, alioa. Mke aliitwa Mkawasi, binti wa mrina asali wa upande wa pili wa mlima.

Mwaka wa pili majani ya mkwaju yalitoka madogo, ya manjano. Mwaka wa tatu vitawi vya kileleni vilibaki vitupu, ukwaju ulidondoka kabla ya kukomaa, na jua likaanza kupenya mpaka chini. Watu wakaanza kuhesabu miaka, lakini hawakukihesabu kibaraza. "Mti umeanza kukauka tangu yule mwanamke aingie," walisema kisimani, na Mkawasi alipofika na mtungi wake wakanyamaza. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Mumewe alikuwa mbali nyikani, akiwatafutia ng'ombe malisho.

Halafu, adhuhuri moja isiyo na upepo, tawi kavu lilikatika likamwangukia mke wa Mwazighe, Mama Mshai, alipokuwa akipepeta mtama. Likamvunja mfupa wa bega. Wazee hawakungoja kesho. Walikaa alasiri ileile wakakata shauri: baada ya siku saba mkwaju uangushwe kabla haujaua mtu, na Mkawasi arudishwe kwao. Mwazighe aliitikia kwa kichwa, macho yake yakiwa chini.

Mkawasi aliyasikia hayo akiwa ndani, akimfunga mama mkwe wake bega kwa kitambaa. Kwa desturi yao mke wa mwana hasemi na baba mkwe wake, kwa hiyo hakuwa na mahali pa kujitetea. Alimaliza kufunga fundo.

"Mama," alisema, "niruhusu niutazame mti."

"Utazame nini? Kijiji kizima kimeutazama."

"Wametazama juu. Baba yangu alikuwa akisema mti huugua miguuni, ukalia kichwani. Amekwea miti maisha yake yote, mama. Mrina asiyeujua mti mgonjwa huanguka nao."

Asubuhi alianza kwenye tawi lililoanguka. Aliparura gome kwa ukucha, akakuta kahawia na ukavu. Akainama kwenye kitawi cha chini kilichokuwa bado mtini, akaparura, akaona kijani kibichi. Mti ulikuwa hai. Kisha akakifuata kitawi kwa vidole, akipapasa alama ambazo ukuaji wa kila mwaka huacha. Za nyuma ziliachana kwa urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni. Nafasi tatu za mwisho hazikufika urefu wa kidole.

Akakiachia kitawi upesi kana kwamba kimemchoma. Miaka mitatu ndiyo iliyokuwa miaka ya ndoa yake. Kama angemwonyesha mtu yeyote jambo lile, angekuwa amejifunga mwenyewe.

Alisimama pale akitazama shina. Ndipo alipoona jambo ambalo macho yalikuwa yamelizoea. Miti mingine uani mle ilitanuka ilipokutana na ardhi. Mkwaju ule uliingia kwenye udongo wima, kama nguzo iliyochomekwa. Miguu yake ilikuwa imezikwa.

Akarudi ndani. "Mama, ugonjwa umo ndani ya kibaraza. Lazima kivunjwe."

Mama Mshai alichungulia nje kupitia mlangoni. Kibaraza kile kilikuwa heshima ya mumewe. "Na usipokuta kitu?"

"Nitakwenda kwetu leo, sitangoja siku saba."

"Nami nitaitwa mke aliyemvunjia mumewe heshima." Akainuka, ameshika bega. "Lakini tawi limeniangukia mimi, si wao. Jembe liko nyuma ya mlango."

Mwazighe alikuwa amekwenda kuwaita wenye mashoka. Mkawasi alichimba kwa pumzi fupi, tumbo likimlemea, huku majirani wakikusanyika kwenye uzio wa miti. Mmoja alipiga kelele kwamba mchawi anafukua uchawi wake. Mkawasi hakugeuka. Gamba la juu lilikuwa gumu kama jiwe, lakini ndani udongo ulikuwa na unyevu, na harufu ikapanda, harufu ya kitu kilichooza.

Hapo Mwazighe akatokea langoni. Aliona udongo wake umetawanyika, akaja mbio ameinua bakora. Mkawasi alipiga magoti, akafunika tumbo kwa mikono yote miwili. Mama Mshai akaingia katikati yao.

"Baba Mwadime! Utapiga baadaye. Kwanza ingiza mkono wako hapo."

"Toka!"

"Ingiza mkono, mume wangu. Kisha unuse."

Watu wote walikuwa wakimtazama. Mwazighe aliinama, akaingiza mkono. Gome lilikuwa jeusi na laini, likabanduka vidoleni mwake. Chini kidogo aligusa mzizi mnene uliokuwa umepanda kutafuta hewa ndani ya udongo wake, ukalizunguka shina na kulikaba. Akaunusa mkono. Bakora ikamponyoka.

"Ni mimi," alisema, kwa sauti ya chini. Kisha akawageukia majirani, akasema tena kwa nguvu ili wote wasikie: "Mti huu nimeuua mimi, kwa mikono yangu."

Akachukua jembe, akamaliza kuchimba mwenyewe.

Wenye mashoka walipokuja siku ya saba, walimkuta kwenye shimo. Aliwaomba wangoje mvua za vuli zipite, nao wakakubali shingo upande; shauri la kumrudisha Mkawasi kwao likaachwa. Mama Mshai alimpelekea Mwazighe maagizo ya Mkawasi. Udongo wote uliondolewa mpaka mizizi ya asili ikaonekana. Mzizi uliokaba ulikatwa nusu, nusu nyingine ikaachwa mpaka mwaka uliofuata, mti usije ukapata mshtuko. Matawi makavu tu yaliondolewa. Maji yalimwagwa mbali, pale kivuli kilipoishia, na majani makavu yakatandazwa juu ya ardhi bila kugusa shina.

Mvua zikaja, mti ukabaki vilevile. Wiki ya pili, kimya. Wiki ya tatu mwenye shoka mmoja alipita akagonga shina kwa kiganja, akaenda zake. Mkawasi hakuwa akilala vizuri. Wiki ya tano, siku aliyoshikwa na uchungu, machipukizi mekundu yalionekana kwenye tawi la mashariki.

Upande wa magharibi haukurudi kamwe. Waliukata, na mkwaju ukaishi miaka mingi na kivuli cha nusu ua. Mwazighe hakulifukia tena lile shimo la shinani.

Na tangu siku hiyo, watu wa Mwalindi huweka viti vyao hatua kadhaa kutoka kwenye shina, na miguu ya mti huachwa wazi. Na mti wa uani ukianza kugeuka manjano, kabla ya jina la mtu yeyote kutajwa, mwenye nyumba mwenyewe hushika jembe, akapiga magoti, akachimba kwanza.